Mbwa Mgonjwa na Haki Iliyo Shingoni Mwetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akakijaalia riziki yake. Ama baada ya hayo.

Wasomaji wetu watukufu, mas-ala tunayotaka kuyazungumza leo huenda yakawachekesha baadhi yenu, na wengine wakakunja uso. Ni mas-ala ya mbwa aliyeugua tumbo. Twawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani ndani ya jambo hili dogo tumekuta kosa kubwa, na mkosaji wa kwanza ni sisi wenyewe.

Alitujia baada ya sala ya Alasiri mtu mmoja wa mji wetu, mwenye shamba la minazi huko Mtwapa. Ana mbwa aliyemlindia nazi zake kwa miaka sita. Akatueleza kuwa mbwa huyo yapata mwezi wa pili aharisha. Mara huwa kama apona, mara maradhi humrudia. Amekonda hata mbavu zake zahesabika, na usiku habweki tena. Jirani zake wamwambia amtupe porini, au ampige rungu apumzike. Naye akatuuliza: “Sheikh, yajuzu kwangu kumuuguza, nami ni mtu wa sala tano?” Tukamjibu kwa haraka, kwani tulikuwa na safari: “Mbwa ni najisi, jiepushe naye.” Akainama, akaenda zake kimya.

Usiku ule, baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa twasomesha vijana kitabu cha Safina, kilichotungwa na Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia mwaka 1855. Ni kitabu ambacho wengi wetu tulikihifadhi tungali watoto. Tukafika kwenye sababu za kutayamamu, nazo ni tatu: kukosa maji, maradhi, na kuyahitajia maji kwa kiu ya mnyama mwenye heshima. Kisha mtungaji awataja wasiokuwa na heshima hiyo, na katika mbwa amtoa mmoja tu: mbwa mkali mwenye kuuma watu. Kijana mmoja akauliza: “Maalim, na mbwa asiyeuma?” Tukanyamaza kitambo. Jawabu ilikuwa mbele ya macho yetu miaka yote hiyo: mbwa mlinzi asiyedhuru watu, akiwa na kiu na maji ni machache, hupewa yeye maji, nawe ukatayamamu kwa mchanga. Ikiwa kiu yake yatangulizwa mbele ya udhu wetu, sisi tulipata wapi ruhusa ya kumwambia yule ndugu amwache mbwa wake akauke?

Baada ya Alfajiri tukaenda kumtafuta, tukamwomba radhi. Na haya ndiyo tuliyomwambia, twayaandika ili wafaidike na wengine.

Kwanza, najisi si dhambi. Najisi ni hukumu inayohusu mwili wetu, nguo zetu na mahali petu pa kusalia. Mama humsafisha mwanawe kila asubuhi, mkunga hushika damu, muuguzi huosha vidonda. Wote hao hugusa najisi, kisha hujitohirisha wakasali, wala hapana awaambiaye kuwa wamekosa. Kilichokatazwa ni kujipaka najisi bila haja. Katika madhehebu yetu ya Shafii, palipogusana na mbwa kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Sheria imetufundisha namna ya kujitohirisha kwa sababu yajua kuwa tutagusana naye; lau ingalitaka tumkimbie kabisa, isingalituruhusu kumfuga kwa kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba.

Pili, mnyama uliyemfunga kwako ana haki juu yako. Imam Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, alipozihesabu haki za wanyama juu ya binadamu alitaja kuwa hulishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa nafuu. Na sote twaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Hizo huzisimulia watoto wetu chuoni. Lakini tazameni tofauti: mbwa wa kisimani hakuwa wa yule mtu, na msaada wake ulikuwa wa mara moja. Mbwa wa shambani ni wako, na maradhi yake ni ya siku nyingi. Huruma ya saa moja kila mtu huiweza. Inayompima mtu ni huruma ya siku arubaini, unapochoka na harufu, na jirani wakacheka.

Tatu, nia bila ya maarifa huua. Ndugu yetu huyo kwa mapenzi alikuwa akimpa mbwa wake maziwa, mabaki ya pilau yenye mafuta na mifupa ya kuku iliyopikwa. Vyote hivyo vyazidisha maradhi: maziwa humharisha, mafuta humlemea, na mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali vikamchoma matumbo. Wako na wanaompa mbwa vidonge vya maumivu vya binadamu. Hivyo huweza kumwua. Tukamshauri amwite daktari wa mifugo, kwani kuharisha kunakozidi wiki mbili au tatu si jambo la kungojea. Daktari akamfunua mdomo akaona fizi zimekuwa nyeupe, akapima choo chake, akakuta minyoo ya safura inayonyonya damu matumboni. Akampa dawa, akasema irudiwe baada ya wiki mbili.

Mengine yalibaki kwa mwenye mbwa: maji safi yawe mbele yake daima, yabadilishwe kila siku, chakula kiwe wali mlaini na nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi, mafuta, chumvi wala viungo, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na choo kikishikana, chakula cha kawaida kirudishwe polepole kwa muda wa siku saba hivi, kikiongezwa kila siku. Akitapika bila kukoma, akitoa damu, au akilala asiweze kuinuka, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Na mbwa aliyegeuka tabia, atokwaye na mate na ashindwaye kumeza, asiguswe kabisa. Waitwe wenye kazi hiyo, kwani huenda ni kichaa cha mbwa.

Ndugu yetu akatenga chombo cha mbwa, na mifuko ya kuvaa mikononi, akawa akifukia choo chake mbali na njia ya watoto. Hapa twaona hekima: minyoo ya mbwa huingia katika ngozi ya mtu apitaye miguu mitupu juu ya mchanga uliochafuka. Basi anayemtibu mbwa wake amewakinga na watoto wa jirani, nao ndio wale wale jirani waliosema atupwe.

Huenda mtu akasema: “Masikini wetu wana njaa, nanyi mwatutaka tutoe fedha kwa mbwa?” Twajibu kuwa swali hili ni zuri, lakini aulizaye amechanganya sadaka na deni. Masikini ana haki yake katika mali yetu, wala mbwa hamnyang’anyi. Lakini huyu mbwa amekesha miaka sita ili tajiri wa nazi alale. Chakula chake na dawa yake ni ujira wa kazi iliyokwisha fanywa, na deni hulipwa kabla ya kutajwa wema. Asiyetaka deni hilo asifuge mbwa. Tena twaogopa kuwa moyo uliozoea kumtupa mtumishi alipougua hautauliza kesho kama mtumishi huyo ana miguu minne au miwili.

Baada ya mwezi na siku kadhaa tulipita Mtwapa. Mbwa alikuwa amelala chini ya mnazi, mbavu zimeanza kufunikwa, akainua kichwa akatubwekea sana. Mwenyewe akatutaka radhi kwa kelele ile. Tukamwambia hapana haja, kwani yule mbwa afanya kazi yake, na sisi ndio tuliochelewa kufanya yetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe majibu yetu ya haraka, na atupe elimu yenye kutufaa. Amin.