Mbona Mfufuka hakwenda kwa Pilato?



Leo naanza na kuungama, maana mkija kusikia kwa mtu mwingine itaongezwa chumvi. Likizo hii nikiwa nyumbani Ngujini nilichelewa msaragambo. Kwa wasio Wapare: msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, na siku hiyo tulikuwa tunazibua mfongo unaoteremsha maji ya ndiva kwenda mashambani. Mtu asiyefika msaragambo ama anaumwa, ama amefiwa. Mimi nilikuwa nimelala saa tisa usiku, simu iko puani, nikimsubiri mtumwa mmoja wa Kichina aliyevunjwa mbavu awaonyeshe wenye nyumba kwamba yeye ndiye bwana wa milima tisa.

Mnazijua hizo tamthilia. Zimesimama wima kama simu yenyewe, kipande kimoja dakika moja au mbili, na vipande vinaweza kufika 80 au 100. Nyingine zimeshatiwa maneno ya Kiswahili na watafsiri wetu. Vya mwanzo unapewa bure. Ukishanogewa unakuta kufuli, ulipe au uangalie matangazo mpaka bando liishe. Na kila kipande kinakatwa mkono ukiwa hewani, kofi halijatua. Aliyenianzisha ni binamu yangu, anayepandisha abiria kwa bodaboda kutoka Mwanga mjini. "Frateri, cheki moja tu." Alipio, rafiki yake Mtakatifu Augustino, naye aliburutwa na wenzake kwenye mapigano ya Roma akiwa amefumba macho. Umati ukapiga kelele, akafumbua mara moja tu, basi, akawa mteja (Augustino anasimulia katika Maungamo, kitabu cha sita). Kwa hiyo siko peke yangu.

Hadithi ni ileile. Kijana anafagia ua wa chuo cha mapigano. Wanamwita takataka. Mchumba wake anamkana mbele za watu. Wanamtupa korongoni. Huko chini anakutana na mzee mwenye ndevu nyeupe na kitabu cha siri, yanapita maandishi "miaka mitatu baadaye", na kijana anarudi na nguo zake zilezile chakavu. Hawamtambui. Wanamtukana upya, na hapo ndipo panapokuwa patamu, maana wewe mtazamaji unajua na wao hawajui. Halafu anaingia mkuu wa wakuu, anawapita wote waliovaa hariri, anapiga goti mbele ya mfagizi. Ukumbi mzima chini. Kofi linatua.

Nilimuuliza binamu anapenda nini humo. Alinijibu bila kufikiri: "Mimi kutwa nzima naitwa 'we boda'. Sina jina. Usiku namwangalia mtu anayeitwa takataka mpaka kipande cha 40, halafu wote wanapiga magoti. Nalala vizuri."

Nina shahada ya falsafa, na hapo sikuwa na la kusema. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba Aristotle, anapoeleza hasira katika kitabu chake cha ufasaha wa kuhutubu, anasema hasira ina utamu wake, kwa sababu mwenye hasira anatumaini kulipiza na anaishi na picha hiyo kichwani. Nilisoma hilo kwa ajili ya mtihani. Binamu amelifikia akiwa juu ya pikipiki.

Wapo watakaowaambia kwamba panga zinazoruka zinaleta mapepo. Mimi sina hofu hiyo. Upanga unaoruka ni kama sungura anayeongea kwenye hadithi za bibi. Wala mvuto wenyewe si mgeni kwetu. Miaka ya 1970 vijana wa Dar es Salaam walijaza majumba ya sinema kumwona Bruce Lee, na waliofuata wakabanana kwenye vibanda vya video wakisikiliza sauti ya Lufufu ikiwatafsiria. Sheria waliyotuachia mnaijua: steringi hafi.

Na hamu ya kuona aliyedharauliwa akiinuliwa, hiyo ni halali kabisa. Daudi alisahaulika machungani siku Samweli alipokuja kumpaka mafuta mfalme. Baba yake mwenyewe hakuona haja ya kumwita (1Sam 16:11). Mama Maria aliimba kwamba Mungu anawashusha wenye vyeo na kuwapandisha wanyonge, na sisi tunauimba utenzi huo kila Masifu ya Jioni. Kijana anayeitwa "we boda" asikubali kuambiwa kwamba kutamani heshima ni dhambi.

Tatizo langu linaanza kwenye yale maandishi, "miaka mitatu baadaye". Wachina wenyewe wana hadithi ndefu za aina hii: wuxia, za mashujaa wa upanga, na xianxia, ambako mtu anajifua miaka na miaka mpaka apate kutokufa. Jin Yong, mwandishi wao mkubwa aliyefariki 2018, alizitoa riwaya zake kipande kwa kipande magazetini kule Hong Kong, kwa hiyo ufupi wa kipande si kosa. Lakini mashujaa wake wanakosea, wanazeeka, na wapo wanaoshinda halafu wanauacha ukuu na kwenda zao. Katika dakika moja ya simu hakuna nafasi ya hayo. Mafunzo yanarukwa, majuto yanarukwa, kinachobaki ni tusi na kofi, tusi na kofi. (Binamu alinishika hapo: "Frateri, hata Injili imeruka kutoka miaka 12 mpaka 30." Kweli imeruka. Ila huyo aliyekaa Nazareti miaka yote hiyo, siku aliporudi na watu wa kwao wakamtoa nje mpaka ukingoni mwa mlima wamsukume, hakurusha kiganja cha moto. Alipita katikati yao, akaenda zake. Lk 4:28-30.)

Sasa chukueni Biblia, fungueni Mwanzo 42 hadi 45. Kama kuna hadithi iliyostahili kutengenezwa kwa vipande 80, ni ya Yusufu. Katupwa shimoni na kaka zake, kauzwa, kasingiziwa, kafungwa, halafu yeye ndiye mwenye ufunguo wa maghala ya Misri. Kaka wanakuja na njaa zao. Hawamtambui. Wanainama mpaka chini. Na Yusufu, tusimpambe, anaupenda mchezo kidogo: anawaweka kizuizini siku tatu, anaficha kikombe cha fedha kwenye gunia la Benyamini. Mkono uko hewani. Lakini kila mara anatoka pembeni kulia. Na ilipofika saa ya kujifunua, alifanya jambo ambalo hakuna mtengeneza tamthilia angelikubali: aliwaamuru Wamisri wote watoke nje (Mwa 45:1). Watazamaji wote nje! Aliowaweka ndani ni ndugu zake tu, waliomuuza wakiwemo, naye akalia kwa sauti, akawakumbatia.

Niliishia hapo kwenye kutafakari, nikidhani nimepata mahubiri mazuri ya vijana. Halafu ndiyo ikaja ile asubuhi ya msaragambo.

Yupo mzee mmoja wa ukoo wetu. Mwaka nilioingia seminari alimwambia mama yangu, tena matangani, watu wamekaa: "Umekosa ada ya chuo, ukaona mapadri wakulishie mtoto." Mama aliangalia chini. Hajawahi kulitaja tena neno lile, na mimi sijawahi kulisahau. Asubuhi hiyo nilipofika kwenye mfongo jua limeshapanda, ni yeye aliyepaza sauti: "Frateri wa usingizi amewasili!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaanza kuchimba.

Na huku nachimba, kichwani ikaanza kucheza picha ambayo, namwomba Mungu anisamehe, haikuwa inacheza kwa mara ya kwanza. Siku ya upadrisho wangu. Nimevaa kasula nyeupe. Mama yuko mbele. Watu wamepanga foleni kupokea baraka ya kwanza, na katika foleni yumo mzee yule, anafika mbele yangu, anapiga magoti. Nilikuwa nimeshamchagulia hata kiatu cha kuvaa. Nilikuwa nimeuchukua wito wangu, kitu kitakatifu kuliko vyote nilivyonavyo, nikautengenezea kipande cha mwisho. Ukumbi mzima chini.

Nilisimama na jembe mkononi nikiona aibu ambayo hakuna aliyeiona.

Tangu siku hiyo swali moja limenikaa: Bwana alipofufuka, mbona hakwenda kwa Pilato? Fikirini. Asubuhi ya Pasaka, Pilato anakunywa maji yake, mlango unafunguka. Au kwa Kayafa, mbele ya Baraza lote. Msalabani walimwambia ashuke ili waamini, hakushuka. Tumezoea kwamba steringi hafi, na wa kwetu alikufa, Ijumaa, saa tisa alasiri, maadui wakiwa wamesimama. Basi angalau Jumapili! Lakini wakuu wa makuhani waliishia kuletewa habari na askari, wakatoa hela zikanyamazishwe (Mt 28:11-15). Petro mwenyewe alikuja kueleza kwamba hakuonyeshwa kwa watu wote, bali kwa mashahidi waliochaguliwa (Mdo 10:40-41). Alikwenda chumbani, milango imefungwa, kwa wale waliomkimbia. Akawapa amani, akawaonyesha mikono na ubavu. Madonda hayakuwa yamefutika. Na kwa Petro aliyemkana kando ya moto wa makaa, akawasha moto mwingine wa makaa, akamchomea samaki (Yn 18:18, 21:9).

Nimelipeleka jambo hili kwa mlezi wangu wa kiroho. Aliniambia nimwombee mzee yule kwa jina kila usiku kwenye sala ya kumaliza siku. Ninafanya. Sio kila usiku. Kuna usiku ambao bando limeshinda. Binamu naye bado anaangalia, na sijamwambia aache. Nimeanza tu kumwita kwa jina lake la ubatizo, mbele ya abiria wake.

Wiki iliyofuata palikuwa na msaragambo tena, kumalizia. Niliwahi. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, ndiva imejaa mpaka mdomoni kwa maji yaliyokusanyika usiku kucha. Nilidhani niko peke yangu, kumbe mzee alikuwa ameshakaa juu ya jiwe, ananyoosha mguu. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa na maneno tayari, yote mazuri, na hakuna hata moja lililotoka. Nilimsalimu shikamoo, nikamuuliza mguu unaendeleaje.

"Unauma," alisema. Akaliangalia jembe langu, akatikisa kichwa, akanipa la kwake, jepesi. "Anzia pale chini, Frateri. Mimi nitafungua maji ukiniambia."

Nikashuka.