Toba ya Msitu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, wanazuoni wetu wametufundisha kwamba toba ina masharti. Kwanza ni kuiacha dhambi yenyewe, pili, kujuta, tatu, kuazimia kutoirejea. Na ikiwa ndani yake mna haki ya mwengine, liko sharti la nne, nalo ni kuirudisha haki hiyo kwa mwenyewe. Aliyeiba ng'ombe hatakasiki kwa machozi, na ng'ombe yungali zizini mwake.

Sharti hili twalijua katika mali za watu, lakini twalisahau katika ardhi, ambayo sisi ni makhalifa juu yake wala si wenyewe wake. Msitu una haki za wengi: ndege na wanyama, mito, na watoto ambao hawajazaliwa bado.

Natuutazame mfano wa jimbo la Sabah, kaskazini ya kisiwa cha Borneo, katika nchi ya Malaysia. Huko misitu mikubwa ilikatwa kwa ajili ya mbao, hasa katika miaka ya 1970 na 1980. Iliyotakiwa zaidi ni miti mirefu ya jamii ya dipterokapu. Miti hii haizai kila mwaka. Hupita miaka kadha ndipo ikazaa kwa pamoja, na mbegu zake hazikubali kuwekwa akiba, hufa upesi. Basi mti mzazi ukishakatwa, mbegu hukosekana, na mimea itambaayo huenea ikaziba nuru.

Mwaka 1992 wakfu wa jimbo lile, Yayasan Sabah, uliungana na wakfu wa Kiholanzi uitwao Face, wakaanza kuirudisha miti ya asili katika msitu wa Ulu Segama. Hawakufyeka upya. Walikata mimea itambaayo, wakapanda miche kwa mistari baina ya miti iliyosalia, wakaitunza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science ulionyesha kwamba sehemu zilizoachwa zimee zenyewe ziliongeza tani 2.9 za kaboni kwa kila hektari kwa mwaka, na zilizopandwa na kutunzwa ziliongeza tani 4.4. Kwa hesabu hiyo, muda wa kuirudia hali ya kwanza hupungua kutoka miaka 60 hadi 40.

Hata hivyo, ndugu zangu, miaka 40! Kukata ni kwa siku moja. Basi asitokee mtu akasema, "Kateni tu, tutapanda." Huyo ameliruka sharti la kwanza, nalo ni kuacha.

Tena fiqhi yetu yasema kwamba kilicho na mfano wake hulipwa kwa mfano wake. Aliyekopa mchele halipi makapi. Katika jaribio jengine huko Sabah, lililoanza mwaka 2002 katika hektari 500, palipopandwa miti ya asili ya namna 16 pamoja pamerejea upesi kuliko palipopandwa namna moja. Basi mwenye kufyeka msitu wa asili akapanda mikaratusi mitupu, asidai kwamba deni amelilipa.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2022 serikali ilitangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Azma hiyo ni njema. Lakini twawaona watu wakikusanyika, wakapanda, wakapigwa picha, wakaenda zao. Utafiti wa mwaka 2022 uliokusanya habari za mahali 176 katika Asia ulikuta kwamba, kwa wastani, miche 18 katika kila 100 hufa katika mwaka wa kwanza, na baada ya miaka mitano hufikia 44. Je, deni lililolipwa kwa mche uliokufa limelipwa?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kila kinacholiwa katika mti alioupanda Mwislamu, akila mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Basi yatupasa tuwaulize wazee ni miti gani iliyomea hapa zamani, tutafute mbegu zake, na kabla ya kuchimba shimo tumjue atakayeutazama mche kwa miaka mitano. Kivuli chake huenda tusikikalie sisi, lakini hiyo ndiyo sifa ya sadaka yenye kuendelea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukubalie toba zetu, na atupe nguvu za kuzirudisha haki kwa wenyewe. Amin.