Shaka na Imani katika Mwaka wa Mwisho wa Sekondari

Swali la kama falsafa yafaa kufundishwa kwa vijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane lina uzito wa pekee katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, ambako katika darasa moja la mwaka wa mwisho wa sekondari aweza kupatikana mtoto wa familia ya Kisomali iliyopitia kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, mtoto wa Wakenya Wakatoliki wa kitongoji cha Brooklyn Park na mtoto wa Walutheri ambao mababu zao walitoka Skandinavia. Falsafa, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni uchunguzi wa misingi ya yale ambayo watu huyashikilia kuwa kweli au kuwa mema, uchunguzi unaoendeshwa kwa hoja wala si kwa cheo cha msemaji. Na kwa kuwa wengi wa vijana hao wamelelewa kuheshimu maandiko, wazazi na wazee, haishangazi kwamba wapo wazazi wanaoliogopa somo hili wakidhani litawaondolea watoto wao dini.

Nchini Ufaransa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari ya elimu ya jumla hulazimika kufanya mtihani wa falsafa wa saa nne, lakini Marekani haina sharti la namna hiyo. Huko Minnesota, falsafa hufika shuleni kwa njia za pembeni: ama kupitia somo la Nadharia ya Maarifa, yaani uchunguzi wa jinsi binadamu anavyojua anayodai kuyajua, ambalo ni sehemu ya diploma ya International Baccalaureate katika shule kama Southwest ya Minneapolis na Highland Park ya Saint Paul, ama kupitia sheria ya 1985 inayowaruhusu wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za chuo kwa gharama ya umma, mradi kozi hizo zisiwe za kueneza madhehebu. Mahakama Kuu ya Marekani nayo, katika hukumu ya 1963, ilitofautisha kusoma kuhusu dini na kuitekeleza dini shuleni, hivyo mwalimu wa shule ya umma hana ruhusa ya kuwaita wanafunzi kwenye imani wala ya kuwatoa humo.

Tatizo, hata hivyo, haliko katika sheria bali katika mpangilio wa somo lenyewe. Kozi nyingi za utangulizi humweka mbele mwanafalsafa Mfaransa Descartes, aliyechapisha tafakuri zake mwaka 1641, akakusudia kutilia shaka kila kitu kinachoweza kutiliwa shaka: habari za hisi, tofauti ya ndoto na kukesha, hata hesabu. Shaka hiyo huitwa shaka ya kimbinu, kwa maana kwamba ni njia ya kutafuta lisilotikisika, si makazi ya kudumu. Kitabu chake kina tafakuri sita, na shaka hutawala ile ya kwanza. Lakini muhula ni mfupi, mada ni nyingi, na si ajabu kijana akaisoma hiyo ya kwanza na pengine kipande cha ya pili, kisha darasa likahamia mada nyingine. Kumfundisha kijana kutilia shaka bila kumwonyesha jinsi wenye shaka wakubwa walivyoendelea baada ya shaka hiyo ni kumpa falsafa nusu, na hapo hofu ya mzazi inakuwa na msingi.

Dawa ya kasoro hii ipo katika urithi ambao baadhi ya wanafunzi hao tayari wanao. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefundisha katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad hadi alipokiacha mwaka 1095, alisimulia katika maelezo ya maisha yake jinsi alivyokosa imani na hisi, kwa sababu jicho huona kivuli kimesimama ilhali kinasogea, na huona nyota kuwa ndogo kama sarafu ilhali hesabu za falaki zinathibitisha ukubwa wake. Kisha akajiuliza kama akili nayo haiwezi kukanushwa na hali iliyo juu yake, kama kukesha kunavyoikanusha ndoto. Alikaa katika hali hiyo karibu miezi miwili, akatoka, kwa maelezo yake, si kwa mpangilio wa dalili bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Descartes, zaidi ya karne tano baadaye, alipita karibu na njia hiyo hiyo akatoka kwa hoja ya kuwako kwake mwenyewe kama kiumbe anayefikiri. Je, nuru ya al-Ghazali ni jibu ambalo falsafa yaweza kulipokea, au ni kukiri kwamba falsafa imefika mwisho wake? Hilo ni swali gumu kweli, na mtoto wa Kisomali aliyelielewa hana sababu ya kudhani kwamba shaka ni mali ya Wazungu.

Ndivyo ilivyo pia kwa swali ambalo Plato alilitia katika mazungumzo ya Sokrates na Euthyphro: jema hupendwa na miungu kwa kuwa ni jema, au ni jema kwa kuwa linapendwa? Swali hili mara nyingi huletwa darasani kana kwamba ni shambulio jipya dhidi ya dini, na huo ni upungufu mkubwa, kwani wanazuoni wa Kiislamu wa ilmu ya kalam, yaani elimu ya kuitetea itikadi kwa hoja, walilijadili kwa ukali. Wanazuoni wa kundi la Mu'tazila walishikilia kwamba akili yaweza kuujua ubaya wa dhuluma hata bila wahyi. Wafuasi wa al-Ash'ari, ambaye mwenyewe alikuwa Mu'tazila kabla ya kuwaacha, walisema wema na ubaya hujulikana kwa amri ya Mungu. Upande wa Wakatoliki, Thoma wa Akwino, ambaye jina lake limebebwa na chuo kikuu kilichoanzishwa Saint Paul mwaka 1885, aliitafuta njia yake akiwa amewasoma wanafalsafa Waislamu Ibn Sina na Ibn Rushd kwa makini, akakubaliana nao mahali na kuwapinga mahali.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa: kwamba kumpa kila kijana mwanafalsafa wa kwao ni kumfungia katika ukoo wake. Ni kweli kwamba mtoto wa Kisomali hakuzaliwa akiwa mfuasi wa al-Ghazali, na huenda hoja za Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, zikamridhisha zaidi. Mwalimu hana haki ya kumzuia. Ndiyo maana maandiko hayo yapaswa kusomwa na darasa zima, Mlutheri akimjibu al-Ash'ari na Mwislamu akimjibu Thoma, kila mmoja akipimwa kwa hoja yake.

Wazazi nao wana nafasi zaidi ya ile waliyopewa na sheria ya Minnesota, inayowaruhusu kukagua maudhui ya masomo na, wakiwa na pingamizi, kupatana na shule juu ya mafundisho mbadala. Mfano wa nafasi hiyo unaonekana katika kazi ya Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu wahenga wa Kenya, alimtofautisha mhenga anayeihifadhi na kuieleza hekima ya jamii yake na yule anayeipima hekima hiyo, akatoa sababu zake hata zinapowaudhi watu wake. Na alifikia tofauti hiyo kwa kuwahoji wazee, wengi wao wasio na elimu ya shule. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa katika mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis au Brooklyn Park na mwanafunzi anayemhoji bibi au babu yake kwa Kisomali, Kioromo au Kiswahili juu ya haki, dhuluma au kadari, kisha akaiandika kwa Kiingereza cha shule. Alama zitolewe kwa maswali ya ufuatiliaji ambayo mwanafunzi aliuliza baada ya jibu la kwanza, na kwa uaminifu wake katika kuzieleza sababu za mzee, awe amekubaliana nazo au la.