Funguo za Nyumba ya Mungu Ziko kwa Nani?

Paulo alipopingwa katika sinagogi la Efeso hakutafuta kiwanja. Alihamia katika ukumbi wa masomo wa mtu aitwaye Tirano, na kwa miaka miwili Habari Njema ikaenea mkoa wa Asia kutoka chumba ambacho hakikuwa mali ya kanisa. Waumini wengine walikusanyika majumbani. Hata jengo la kanisa la karne ya 3 lililofukuliwa Dura-Europos, nchini Syria, lilikuwa nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa mahali pa ibada. Imani iliyoanza kwa kutumia vyumba vya watu leo ina majengo kila pembe ya dunia, na mengi yakishafungwa Jumapili jioni hayafunguliwi tena hadi wiki inayofuata.

Hilo ni suala la uwakili, ingawa mahubiri ya uwakili Afrika Mashariki hulenga zaidi mfuko wa muumini: fungu la kumi, ahadi, sadaka ya mavuno. Ni nadra usharika au parokia yenyewe kutakiwa kutoa hesabu ya ukumbi wake, madarasa yake ya shule ya Jumapili na uwanja wake. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinazuia ardhi kuuzwa moja kwa moja kwa kuwa mwenyewe ni Mungu, na watu ni wageni tu kwake. Kama ni hivyo kwa shamba, jengo lililowekwa wakfu kwa jina lake litakuwaje mali ya dhehebu?

Lakini anayesema hivyo awakumbuke waliolijenga. Makanisa mengi ya mijini na vijijini yamesimama kwa harambee za miaka mingi, mfuko mmoja wa saruji baada ya mwingine, na akina mama wakisomba maji na mchanga. Jirani asiye na jengo akiomba nafasi, wazee wa kanisa wana haki ya kuuliza nani atanunua umeme wa LUKU, nani atafagia, na kipaza sauti kikiungua atawajibika nani. Maswali hayo si uchoyo. Ni kazi ya wakili.

Uingereza iliyajibu kwa sheria. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kushirikiana katika majengo ya makanisa, inayoyaruhusu madhehebu mawili au zaidi kutumia kanisa, ukumbi au hata nyumba ya mchungaji kwa mkataba ulioandikwa. Mkataba hutaja umiliki na gharama, na lazima useme ushirikiano utavunjwaje ukifika mwisho. Kuandika habari za kuachana kabla ya kuanza kunaweza kuonekana kama upungufu wa imani, lakini kunamlinda mnyonge, kwa sababu upande usio na hati ya kiwanja ndio hutupwa nje ugomvi ukizuka. Matunda yapo: mjini Milton Keynes, kanisa la Christ the Cornerstone lilifunguliwa mwaka 1992 likiwa limejengwa tangu msingi kwa ajili ya Waanglikana, Wakatoliki, Wabaptisti, Wamethodisti na waumini wa United Reformed Church.

Afrika Mashariki ilikuwa na jaribio lake mapema zaidi. Juni 1913, wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, Kenya, wakitafuta namna ya kuunganisha kazi zao. Mwishoni, Askofu William Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri wa Scotland, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwaka. Alimshtaki Peel pamoja na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kosa likiwa uzushi. Mzozo ulifika magazeti ya London. Ni rahisi leo kumwona Weston kama mtu mgumu, lakini aliona jambo la kweli: paa moja halifuti tofauti kuhusu sakramenti na uaskofu. Makosa yake ni kudhani kwamba tofauti hizo zisipokwisha hakuna kinachoweza kushirikiwa. Mbegu ya Kikuyu haikufa. Mwaka 1926 madhehebu yaliyoungana yalifungua hapohapo shule ya Alliance.

Kanisa la Kaburi Takatifu, Yerusalemu, linafundisha kwa machungu zaidi. Waorthodoksi wa Kigiriki, Wakatoliki, Waarmenia, Wakopti, Wasiria na Waethiopia wanaligawana kwa utaratibu uliothibitishwa na sultani wa Uturuki mwaka 1852. Ufunguo wa mlango uko mikononi mwa familia mbili za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh. Watawa wamewahi kupigana humo kwa ajili ya kiti kilichosogezwa. Hata hivyo Wagiriki, Wakatoliki na Waarmenia walikubaliana kukarabati kijumba cha kaburi kilichokuwa hatarini, na kazi ikakamilika Machi 2017.

Suala hili sasa linawagusa wasemaji wa Kiswahili waliotawanyika. Katika miji mingi ya Marekani, wakimbizi kutoka Kongo na Burundi huimba mchana katika makanisa ambayo asubuhi yalikuwa na wenyeji wachache. Wengi wamepokelewa vizuri. Bado, mtu anaweza kulipa pango miaka mingi bila kuulizwa neno lolote kuhusu jengo analoliombea.

Nyumbani hakuna sababu ya kuanzia sifuri. Waprotestanti walikwishaungana kutoa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952. Mwaka 1992 Wakatoliki na Waprotestanti wa Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii kwa ajili ya hospitali na shule zao. Walioweza kusimamia wodi pamoja wanaweza kusimamia ukumbi, na si lazima waanze na altare. Kinachohitajika ni mkataba wa kurasa chache, viti kwenye kamati ya majengo kwa ajili ya jumuiya inayopokelewa, na nakala ya ufunguo.