Dawa ya Macho ya Watu Wachache

Swali hili tumeligeuzageuza mara nyingi sisi walimu wa huku Micheweni, wala hatujapatana: je, ni haki mtu mwenye akili nyingi na elimu ya uganga kuutumia umri wake katika kutafuta dawa ya ugonjwa wa watu wachache mno, hali vipofu wengi wangeweza kuona kwa kupasuliwa muda mfupi tu?

Nanena habari za Bibi Jean Bennett na mumewe, Bwana Albert Maguire, madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania katika Marekani. Bibi ni mjuzi wa jeni, yaani yale maagizo madogo sana yaliyomo mwilini, ambayo mtoto huyarithi kwa baba na mama. Bwana ni mpasuaji wa macho. Uko upofu mmoja ambao mtoto huzaliwa nao kwa sababu jeni iitwayo RPE65 imeharibika. Ukilitazama jicho kwa nje, ni zuri, halina kovu wala doa. Lakini retina, ule utando mwembamba wa nyuma upokeao nuru, haipati kitu cha kufanyia kazi yake. Basi mtoto hujikwaa magharibi ikiingia, na miaka ikipita hata mchana humwia giza.

Walianza kuwaza jambo hili katika miaka ya 1980, wakati jeni yenyewe ilikuwa bado haijajulikana. Fikira yao ilikuwa hivi: tukitwaa virusi visivyodhuru, tukavitoa vilivyomo ndani, tukavipakia jeni nzima kama jahazi lipakiwavyo shehena, kisha tukavipiga sindano chini ya retina, huenda vikashusha mzigo mahali panapotakiwa. Mwaka 1999, katika chuo hicho hicho, kijana wa miaka 18 alikufa katika majaribio mengine ya jeni, ya ugonjwa wa ini, na watu wengi wakaiogopa kazi yote ya namna hii. Wao hawakuiacha. Mwaka 2000 wao na wenzao waliwatibu mbwa watatu waliozaliwa na upofu ule ule, nao wakaona. (Mbwa wawili wa namna hiyo walikwenda kukaa nyumbani mwa madaktari wenyewe, habari ambayo jirani zangu hapa husikiliza kwa uso wa kukunja.) Mwaka 2007 majaribio ya wanadamu yalianza, London kwanza, kisha Philadelphia. Wagonjwa walipitishwa katika njia yenye vizuizi huku taa zikipunguzwa, ionekane kama waweza kwenda pasipo kugonga. Mwezi wa Desemba 2017 serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo. Bei iliyotangazwa mwezi uliofuata ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili.

Mwenzangu mmoja husema, fedha hizo za mtu mmoja zingewatoa mtoto wa jicho wazee wangapi wa Pemba? Ahesabu macho kama mtu apimavyo karafuu kwa pishi. Walakini si mpumbavu, na yafaa ajibiwe.

Kwanza namjibu kwamba maarifa yana faida kabla ya dawa. Wanafunzi wa Bwana wetu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa walitaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi. Naye aliwakatalia yote mawili. Hata hivyo sisi twaendelea kuuliza, na mara nyingi twamwelekea mama. Watoto wawili wa nyumba moja wakiwa vipofu, watu hunong'ona juu ya tumbo lake, na mume hushauriwa aoe mwingine. Wajuzi wa jeni wameonyesha kwamba upofu huu wa RPE65 hautoki kwa mama peke yake. Baba ana jeni moja mbovu na moja nzima, na mama vivyo hivyo, na wote wawili huona vizuri. Mtoto akizirithi mbovu zote mbili ndipo huwa kipofu, na kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne. Watu wa damu moja wakioana, hayo huelekea kukutana zaidi. Mwanamke aliyeachwa kwa ajili hiyo amedhulumiwa, na neno hili halikugharimu dola hata moja kulisema.

Pili, hata huko kupasua mtoto wa jicho anakokusifu kulipata kuwa jambo la wachache. Daktari Harold Ridley wa London aliona kwamba vipande vya plastiki ya ndege, vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa vita, havikuyachafua macho yao. Mwaka 1949 akamtia mgonjwa lenzi ya plastiki, na wakubwa wa kazi yake walimpinga kwa miaka mingi. Lenzi zikabaki ghali, mpaka kiwanda cha Aurolab huko Madurai, Uhindi, kilipoanza mwaka 1992 kuzitengeneza kwa bei ambayo maskini aweza.

Hapo mwenzangu hunishika, nami nakiri ana nguvu: lenzi ilishuka bei kwa kuwa wenye mtoto wa jicho ni mamilioni, na dawa hii wateja wake hawafiki hata kulijaza soko dogo. Kweli. Kwa hiyo simlaumu Bibi Bennett, aliyetafuta. Nauliza waliopanga bei, na serikali zetu, ni nani atakayeifanya kazi ile ya Madurai pasipo faida ya wingi. Maana sindano hii hufaa maadamu chembe za retina zi hai bado. Zikiisha kufa, hazirudi. Mtoto wa miaka minne hawezi kungoja bei ishuke kama sisi tungojavyo bei ya karafuu ipande.