Tupime Kina, Kisha Tule Mkate

Somo: Matendo ya Mitume 27



Mwanzoni mwa Mei 2024 wengi wetu hapa Shinyanga na kule Geita tulilala kwa shida. Sisi tu mbali na bahari, lakini watoto wetu wako Dar es Salaam, na ndugu zetu wengine wako Kilwa na Mafia. Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga kiitwacho Hidaya kinaelekea pwani ya Tanzania, mioyo yetu ilikwenda huko.

Tuseme kweli: hatukuifuata habari ile kwa utulivu. Taarifa za Mamlaka zilieleza kimbunga kiko wapi, kinaelekea wapi na kina nguvu gani. Wengine wetu tuliziacha, tukakesha na simu mkononi tukipokea maneno ya watu tusiowajua, na kuwatumia wenzetu bila kuuliza. Wengine tulicheka. Tulikumbuka kimbunga Jobo cha Aprili 2021, kilichopungua nguvu kabla ya kufika pwani, tukasema hata hiki ni kelele tu.

Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei, kisha kikapoteza nguvu. Waliotangaza mwisho wa dunia walikosea. Lakini mvua kubwa iliikata barabara ya Lindi pale Somanga, na wasafiri wakakwama. Waliocheka nao walikosea.

Mtume Paulo alisafiri na watu wa namna zote mbili. Kwanza aliwaonya kwamba safari ile ina hatari, nao wakamsadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Tufani ilipowashika, wakakata tamaa kabisa. Usiku wa 14 mabaharia walihisi kwamba nchi kavu i karibu. Wakateremsha kamba, wakapata pima 20. Wakaendelea kidogo, wakapima tena, wakapata 15. Ndipo wakatia nanga nne, wakaomba kuche.

Tuangalie jambo hili. Paulo alikwisha kuahidiwa na Mungu kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Hata hivyo hakuwaambia mabaharia kwamba kupima kina ni kukosa imani. Tena walipotaka kutoroka kwa mashua, aliwaambia askari kwamba hao wakiondoka wengine hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuifanya kamba ile kuwa bure. Kisha, kulipokuwa karibu kupambazuka, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala. Watu 276 wakachangamka, wakala nao. Merikebu ilivunjika, watu wote wakafika pwani.

Huo ndio utulivu wa Mkristo. Si kuziba masikio, wala si kutazama mawimbi usiku kucha. Ni kupima, kutia nanga, kuomba, na kula mkate pamoja na wenzetu wenye hofu.

Nasi tuna tufani zetu huku bara. Machi 2015 mvua ya mawe ilibomoa nyumba kule Mwakata, wilayani Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafa. Januari 2024 kule Ng'alita, Bariadi, kifusi cha mgodi kiliwaua watu zaidi ya 20. Mkuu wa wilaya alieleza kwamba uchimbaji ulikuwa umezuiwa mahali pale kwa sababu ya mvua. Hatuwahukumu marehemu. Twajua kinachomshusha mtu shimoni wakati wa mvua: watoto wana njaa, ada ya shule inadaiwa, na mwenzake amesema jana ameona dhahabu. Lakini duara lililolowa halimwulizi mtu kama amesali. Kijana wetu akizuiwa kushuka, asidhani kwamba kutii ni woga. Na sisi tulio juu tusimwache abaki na njaa peke yake, maana mkate ule wa merikebuni uliliwa na wote.

Basi mvua zinapotangazwa, tufanye hivi. Tusikilize taarifa ya Mamlaka kwa saa zake, kisha tuzime simu. Tusimpelekee mwenzetu habari tusiyoijua ilikotoka. Mwenye nyumba ya udongo iliyopasuka apewe mahali pa kulala kabla mvua haijafika. Mwenye ndugu huko pwani ampigie mara moja, amwulize hali, aombe pamoja naye; asimtie hofu zaidi. Jioni tukutane nyumbani kwa sala, tuwataje kwa majina walio baharini, walio njiani na walio chini ya ardhi.

Kisha tule, tulale. Tukiisha kutia nanga zetu, usiku uliobaki ni wa Bwana.