Kukosa na Kufungiwa

Katika mas'ala ya biashara yanayostahili kuamuliwa na mwanafalsafa kabla ya kuachiwa mfanyabiashara, hili naliona kuwa gumu: mtu aliyekwisha kukiunda chombo kikamilifu, kisha akakipunguza nguvu kwa makusudi ili apate kukiuza kwa bei nafuu, je, amemfanyia mnunuzi ihsani au amemdhulumu?

Ushahidi wa jambo hili umo katika habari za Windows NT 4.0, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Microsoft iliutoa mwaka 1996 kwa matoleo mawili, Workstation kwa ajili ya mtu na meza yake ya kazi, na Server kwa ajili ya kuhudumia kompyuta nyingi zilizounganishwa, bei ya hili la pili ikizidi ile ya la kwanza kwa mamia ya dola. Ulipokuwa ungali katika majaribio, Workstation iliwekewa kikomo, isihudumie zaidi ya anwani 10 za mtandao ndani ya dakika 10. Watu walipolalamika, akiwamo mchapishaji vitabu Tim O'Reilly, kizuizi kikatolewa katika programu, lakini sharti likabakia katika maandishi ya leseni. Kisha Mark Russinovich, mjuzi wa mambo ya ndani ya Windows, akabainisha kwamba kiini cha matoleo yote mawili ni kimoja, na kwamba mfumo unapoamka husoma maneno machache katika daftari lake la ndani, na kwa maneno hayo ndipo unapojitambua kuwa ni Server au Workstation, ukazipanga shughuli zake kwa mujibu wa daraja hiyo. Insafu yataka tukiri kwamba Server ilikuja na programu za ziada ambazo mwenziwe hakupewa. Lakini mnunuzi aliyeambiwa kuwa hii ni mifumo miwili mbalimbali hakuambiwa haya.

Aristotle alitenga uwezo uliomo ndani ya kitu na utendaji wake unaodhihirika, na utengano huo ndio unaotufaa hapa. Kisichokuwamo katika chombo hakina wa kulaumiwa, maana ndivyo kilivyoumbwa. Ama kilichomo kikafungwa, hapo pana mtu aliyekusudia, na mwenye kukusudia huulizwa sababu.

Sababu anayo, wala si dhaifu. Gharama ya programu ni kuiandika. Kuinakili ni kama bure, na endapo wote watatozwa sawasawa, mnyonge ataikosa kabisa. Bali hoja hiyo ina mpaka wake. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit alieleza kwa nini mabehewa ya reli ya daraja la tatu yaliachwa bila ya mapaa: si kwa uchache wa fedha za kuezekea, bali ili mwenye uwezo wa kulipia daraja la pili aogope kupanda la tatu, na maskini akanyeshewa pasipo yeye mwenyewe kukusudiwa. Sioni tofauti kubwa baina ya behewa lile na Windows 7 Starter ya mwaka 2009, iliyotiwa katika kompyuta ndogo za bei rahisi, ambayo mwenyewe hakuruhusiwa hata kubadili picha ya nyuma ya kioo chake. Picha! Hapakuwa na gharama iliyookolewa wala kazi iliyopunguzwa. Ilikuwa alama ya unyonge tu, aitazame kila awashapo.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuuza kwa madaraja ni haramu, kwani mnunuzi akijua na akaridhia, mauzo yametimia. Lakini ridhaa haipatikani kwa mtu aliyedhani amenunua chombo kisichoweza, ilhali amenunua chombo kilichozuiwa. Muuzaji na aandike bayana, juu ya kasha na si ndani ya leseni, lipi halimo na lipi limefungwa. Asiyefanya hivyo ameghushi, hata ikiwa bei yake ni rahisi.